Mboga za Kujiotea: Kutoka Bonde la Mpunga hadi Kibera na Kawangware

Aliyekulia karibu na bonde la mpunga, iwe ni Vanga, Pemba au kandokando ya Mto Tana, anajua kwamba bonde halitoi mpunga peke yake. Kabla mpunga haujachanua, kingo za majaruba huwa zimekwisha kuvikwa kijani cha mimea ambayo hakuna aliyeipanda: mchicha wa porini, mnavu, mlenda, mchunga wenye ukali wake, na tako la hasani linalotambaa chini kwa majani manene. Maji yanapojaa, kambare huingia nayo mashambani. Yanapopungua, watoto huwakamata katika madimbwi. Wanawake waliokwenda kupalilia hurudi jioni na mboga zilizofungwa katika pembe ya leso. Mpunga wenyewe husubiriwa miezi kadhaa, lakini nyumba haiwezi kusubiri. Kipindi hicho cha kungojea, aghalabu, hulishwa na vile ambavyo mkulima huviita magugu na mpishi akaviita kitoweo.

Tukitazama vyema, desturi hiyo ya bondeni ilisimama juu ya nguzo tatu. Ya kwanza ni kuujua mmea: upi ni wa kuliwa, upi ni wa dawa, na upi ni wa kuachwa. Ya pili ni kuijua ardhi: shamba ni la nani, maji yanatoka wapi, na ng'ombe wamelala upande gani. Ya tatu ni kwamba mboga ilikuwa ya bure. Aliyechuma hakulipa, na jirani aliyeomba fungu hakunyimwa.

Makala haya yanauliza nguzo hizo zimefikia wapi baada ya watu kuhama. Maelfu ya jamaa zetu leo wanaishi Nairobi, na wengi wao hawakufikia katika majumba ya kifahari bali katika mitaa kama Kibera na Kawangware. Huko hakuna jaruba wala bonde la mpunga. Mchele wenyewe hununuliwa dukani, mwingi ukitoka Mwea au ng'ambo. Lakini mboga za kujiotea zipo, na huliwa kila siku. Ukipita mitaa hiyo ukiwa na macho ya mtu wa shamba, utazikuta katika sehemu ambazo hukuzitarajia, na utaona kwamba si nguzo zote tatu zilizosalia.

Tuanze na Kibera, ambayo iko kilomita tano hivi kusini-magharibi mwa katikati ya jiji. Wenyeji wake wa kwanza katika historia ya Nairobi ni ndugu zetu Wanubi, wazao wa askari wenye asili ya Sudan waliotumikia jeshi la King's African Rifles. Mwanzoni mwa karne ya 20 walipewa kuishi hapo, na mahali wakapaita Kibra, yaani msitu katika lugha yao ya Kinubi, ambayo asili yake ni Kiarabu. Jina hilo si la kupuuzwa na mwenye kuzungumzia mboga za porini. Linatueleza kwamba palikuwa na miti na vichaka, palikuwa na malisho, na kwamba baina ya nyumba na nyumba palikuwa na shamba.

Eneo walilotengewa awali lilizidi ekari 4,000. Mwezi wa Juni mwaka 2017, baada ya madai ya miongo mingi, jamii ya Wanubi ilikabidhiwa hati ya kumiliki ardhi ya ekari 288. Baina ya tarakimu hizo mbili ndimo yalimopita majengo ya serikali, mitaa mipya ya tabaka la kati, na vijumba vya mabati vilivyobanana vya watu waliokuja kutafuta riziki kutoka kila pembe ya Kenya. Tunapohesabu kilichopotea, mara nyingi tunahesabu nyumba na mipaka. Ni nadra kuhesabu kichaka ambacho mama alikuwa akichuma mlenda bila kumwomba mtu ruhusa.

Na huo mlenda una hadithi yake. Mmea huu wenye majani ya kuteleza ni wa ukoo mmoja na ule ambao Wamisri na Wasudani huuita mulukhiya na kuuheshimu katika meza zao. Hapo Kibera, mjukuu wa askari aliyetoka kaskazini anapakana ukuta kwa ukuta na Mluhya anayeuita mrenda au murere, na Mjaluo anayeuita apoth. Watu waliotoka pande zilizo mbali hivyo walikutana mlangoni na kugundua kwamba sufuria zao zilikuwa zikijuana kabla yao.

Kutoka Makina, penye msikiti na nyumba za Wanubi, njia zinateremka kuelekea Lindi, Silanga na Laini Saba. Reli iliyojengwa kwenda Uganda inakatiza mtaa, na kandokando yake, mvua za masika zinapoanza, utaona mchicha wa porini ukichomoza katikati ya kokoto na takataka. Katika kona za vyoo, kwenye majalala na pembezoni mwa mifereji, mnavu humea kwa wingi na kwa afya ya kushangaza, kwa kuwa ni mmea unaopenda udongo uliorutubika. Chini kabisa kuna Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953, ambalo kwa miaka mingi watu waliliendea kwa starehe ya kuendesha mashua za tanga. Siku hizi limefunikwa na gugu maji. Mto Motoine huingia humo ukiwa umebeba uchafu wa mitaa, kisha maji hutoka upande wa pili kwa jina la Mto Ngong. Kwenye kingo za maji hayo kuna vishamba vya watu wasio na hati: migomba, viazi vikuu, matuta ya sukuma wiki, na katikati yake mboga zilizoota zenyewe.

Mtu wa pwani akisimama hapo huona sura anayoijua: maji, tope, kijani, na mwanamke aliyeinama akichuma. Ni kama bonde la mpunga lisilo na mpunga. Tofauti haionekani kwa macho, nayo ndiyo tutakayoirejea baadaye.

Kawangware iko upande wa magharibi wa jiji, ukishaipita Lavington yenye bustani na kuta ndefu. Ni sehemu ya Dagoretti, katika nchi ya asili ya Wakikuyu, na wakazi wake wengi leo wametoka Magharibi ya Kenya na Kisii. Hapa mboga za kienyeji huzioni sana ardhini kwa kuwa ardhi tupu ni haba. Unaziona sokoni. Kuanzia alasiri, watu wanapoanza kurudi kazini kwa miguu au kushuka kwenye matatu, kina mama mboga hukaa kando ya barabara na marundo yao juu ya magunia, na visu vyao havitulii. Wanachambua, wanakatakata, wanafunga katika mifuko, ili mnunuzi aliyechoka akifika nyumbani awe na kazi moja tu ya kuinjika sufuria.

Ukitaka kujua Kenya ilivyochanganyika, sikiliza majina katika soko hilo. Mnavu wetu hapa ni managu kwa Mkikuyu, osuga kwa Mjaluo, lisutsa kwa Mluhya, na rinagu kwa Mkisii. Mgagani, ambao wazee wa pwani huuita pia mwangani au mkabilishemsi, hapa ni saga, au chinsaga kwa Mkisii, au dek kwa Mjaluo. Mchicha ni terere. Kunde imebaki kunde. Yapo majani ya thabai, mmea unaowasha mkono wa asiyeujua, ambayo Wakikuyu huyachemsha na kuyaponda pamoja na viazi na mahindi. Muuzaji mzoefu humtazama mnunuzi usoni, akabadilisha jina la mboga kulingana na mtu aliyesimama mbele yake. Nguzo ya kwanza, basi, ile ya kuujua mmea, imesafiri salama na mjini imepanuka: mama wa Kawangware anajua majina manne ya jani ambalo bibi yake alilijua kwa jina moja.

Wanyama nao hawakusahauliwa. Mvua ya kwanza ikinyesha, kumbikumbi huruka na kuzunguka taa za barabarani, na watoto wa Kibera huwakusanya katika makopo kama wanavyofanya watoto wa Kakamega na Siaya, ambako kumbikumbi waliokaangwa ni kitoweo cha heshima. Sisi, ambao wengi wetu tunafuata madhehebu ya Shafii, tunajua kwamba nzige ana hukumu yake na wadudu wengine wana hukumu yao. Hatuwali kumbikumbi, lakini si adabu kumkunjia uso jirani anayewala. Samaki anayetukutanisha sote ni omena wa Ziwa Victoria, anayelala katika marundo ya fedha pembeni mwa mboga hizo hizo.

Mboga hizi hazikuwa na hadhi hiyo siku zote. Kwa miaka mingi zilidharauliwa. Kabichi na sukuma wiki, ambazo mbegu zake zilitoka nje, zilifundishwa kuwa ndizo mboga za kilimo, na mnavu ukaitwa gugu au chakula cha maskini. Kuna watoto waliokataa kubeba mgagani katika chakula cha shule kwa kuogopa kuchekwa. Kuanzia miaka ya 1990 wataalamu walianza kuigeuza hali hiyo. Patrick Maundu na wenzake katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya walizunguka nchi wakiandika majina na matumizi ya mimea inayoliwa, na mwaka 1999 kikatoka kitabu chao kikubwa juu ya mimea ya vyakula vya asili vya Kenya. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia alizitafitia mboga hizi mbegu zake, kilimo chake na faida zake mwilini. Mwezi wa Desemba 2021, UNESCO iliiorodhesha kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili kuwa mfano mwema wa kuigwa. Leo mnavu na mgagani vimo katika maduka makubwa ya mjini na katika hoteli.

Faida zake si porojo. Majani haya yana madini ya chuma, chokaa na vitamini A kwa kiasi kinachoipita kabichi mbali sana. Kwa mama mjamzito, kwa mtoto aliyeachishwa ziwa, na kwa mzee asiyemudu nyama, fungu la mchicha si kitu kidogo.

Hata hivyo heshima hiyo imeleta bei. Mboga iliyokuwa ya kuombwa kwa jirani sasa inapimwa kwa shilingi, na mara nyingi inauzwa ghali kuliko sukuma wiki. Nguzo ya tatu, ile ya bure, imeanguka, nayo hatuna haja ya kuililia sana, maana kuanguka kwake kumewapa riziki maelfu ya wanawake. Inayotupasa kuihofia ni nguzo ya pili.

Mmea hauchagui. Hunyonya kilichomo ardhini, kiwe rutuba au sumu. Udongo wa Kibera na wa mitaa mingine kama hiyo umepokea maji ya vyoo, mafuta ya gereji, betri zilizokufa, rangi za zamani na majivu ya takataka zilizochomwa. Kwa miongo mingi magari yalitumia petroli yenye madini ya risasi. Petroli hiyo imekwisha kuondolewa sokoni, lakini risasi iliyokwisha kudondoka haiozi wala haiondoki. Watafiti waliopima udongo wa kulimia huko Kibera waliikuta risasi. Madini haya yakiingia katika mwili wa mtoto huudhuru ubongo wake taratibu, bila homa wala dalili ya haraka, na athari yake hailipiki baadaye.

Hapa ndipo panapotupasa kutofautisha mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Uchafu wa choo huleta vijidudu vya kuhara, kipindupindu na minyoo. Huo unapunguzwa kwa kuosha mboga kwa maji safi na kuondolewa kwa kuipika ikaiva. Lakini risasi na madini mengine mazito hayaondoki kwa moto. Kuosha huondoa vumbi lililotua juu ya jani, jambo lenye faida kubwa kwa mboga ya kando ya barabara, lakini hakuwezi kuondoa kilichokwisha kuingia ndani. Mama anaweza kuwa msafi wa jikoni kuliko wote mtaani, na bado akaweka mezani kitu chenye madhara, kwa sababu kosa halikuanzia jikoni kwake.

Wapo waliotafuta njia. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, chakula kilipokuwa adimu, shirika la Kifaransa la Solidarités lilisaidia kueneza Kibera kilimo cha magunia. Gunia husimamishwa, likajazwa udongo uliochanganywa na samadi. Katikati huwekwa nguzo ya kokoto, inayojengwa kwa kutumia kopo lisilo na kitako ambalo huvutwa juu kidogo kidogo kadiri udongo unavyopanda, ili maji yapate njia ya kufika chini. Ubavuni hutobolewa matundu, na katika kila tundu hupandwa mche. Gunia moja mlangoni humpa mama sehemu ya kupanda zaidi ya mraba wa ardhi linaoukalia. Wengi walipanda sukuma wiki, na wengine wakapanda mchicha, mnavu na kunde. Lakini hata gunia halina kinga ya kujitosheleza: likijazwa udongo uliochotwa jalalani, limebeba ubaya wa jalala hadi mlangoni. Neema ya gunia ni kwamba mwenyewe ana uwezo wa kuchagua udongo na maji. Amerudishiwa ile nguzo ya pili, mradi aitumie.

Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji si bei peke yake. Muulize kwa upole, "Mama, mboga hii imetoka wapi?" Mwenye mboga ya Kisii, ya Kiambu au ya Magharibi atakujibu kwa fahari, na pengine atakutajia na siku ilipofika. Asiye na jibu naye amekujibu. Sisi tumelelewa kuuliza kama chakula ni halali; dini hiyo hiyo imetufundisha kuuliza kama ni kizuri na safi. Maswali hayo mawili ni pacha, na la pili lisiachwe njiani kwa sababu la kwanza limejibiwa. Na kwa muuzaji Mwislamu, kusema ukweli juu ya shina la mboga yake ni amana, kama ilivyo amana kutopunguza mizani.

Wanaotaka kuchuma wenyewe wajihadhari zaidi. Wasichume penye mfereji wa maji machafu, kando ya barabara kuu, karibu na gereji au penye majivu ya taka. Wasiwatume watoto peke yao, kwani mnanaha wenye sumu hupenda majalala vilevile, na mtoto anaweza kuuchanganya na mboga. Matunda mabichi ya mnavu yasiliwe kabisa.

Jikoni, mboga ioshwe kabla ya kukatwa, wala si baada yake, ili virutubisho visimwagike na maji. Mnavu na mgagani hupungua uchungu vikichemshwa na maji ya kwanza yakamwagwa. Watu wa Magharibi huongeza maziwa na kuacha chungu kilale hadi kesho yake, uchungu ukageuka kuwa utamu. Mlenda huulainisha kwa magadi kidogo au kwa maji ya majivu yaliyochujwa. Sisi wa pwani tuna nazi yetu: kitunguu, nyanya, tui zito mwishoni, na moto mdogo. Mwanamke wa Mombasa aliyeolewa Kawangware anaweza kuyaleta mapishi haya mawili katika sufuria moja, na hakuna atakayejuta.

Lililo muhimu zaidi ni la wazazi. Watoto wetu wanaozaliwa mjini wanaijua mboga ikiwa imekwisha kukatwa, imefungwa mfukoni, haina mzizi wala mahali. Likizo zikija na mkiwapeleka kwa babu na bibi, wateremsheni bondeni. Waonyesheni mchunga, mwangani na mlenda vikiwa vimesimama katika udongo wao. Wafundisheni jina la mmea, kisha wafundisheni jina la shamba na njia ya maji. Atakayekua na elimu ya kwanza bila ya pili atakuwa amerithi nusu ya kile ambacho mabibi zake walikijua, na mjini nusu hiyo haitamlinda.

Nao walioko Kibera na Kawangware wasione haya kwa mboga wanayokula. Ni chakula kilicholisha pwani na bara kabla ya soko lolote kujengwa. Wanachostahili ni udongo safi, maji safi, na mitaro inayopeleka uchafu mbali na matuta. Hayo hayaoti yenyewe. Yanahitaji kudaiwa katika vikao vya kaunti, kuzungumzwa misikitini na katika vikundi vya kina mama, na kuanzwa na kila nyumba katika gunia lake moja mlangoni.